Shajara ya ngojamaliko: msimu mmoja kwenye matete ya Somerset

Jumanne, Novemba 8

Naandika safari hii, maana mwaka jana sikuandika na msimu ulipoisha sikukumbuka nilikosea wapi. Mradi ni mdogo: picha moja ya ngojamaliko aliyesimama kwenye matete, jicho likiwa ndani ya fokasi. Picha za ndege anayeruka kwa mbali kama gunia lililorushwa ninazo tatu, sizitaki tena.

Mahali ni Ham Wall, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Bristol ninakoishi. Zamani palikuwa machimbo ya ule udongo mweusi wa mimea iliyooza, unaokatwa mapande, ukaanikwa na kuchomwa kama kuni, na baadaye ukauzwa kwa wenye bustani. Wachimbaji walipoondoka yakabaki mashimo. Shirika la kuhifadhi ndege la RSPB lilianza kuyashughulikia mwaka 1994: maji yakaingizwa, matete yakapandwa, mifereji ikachimbwa. Leo ukisimama pale utadhani pamekuwa hivyo tangu gharika. Jirani yake, upande wa Shapwick, mchimbaji mmoja aitwaye Ray Sweet aligundua mwaka 1970 njia ya mbao iliyojengwa juu ya kinamasi mwaka 3807 au 3806 kabla ya Kristo. Ina maana watu wamekuwa wakitafuta pa kukanyaga hapa bila kulowa kwa karibu miaka elfu sita. Mimi bado nalowa.

Jina. Kamusi hutumia "ngojamaliko" kwa jamii hii ya korongo wanene wa shingo wanaojificha majanini. Mimi nikilitamka nasikia "ngoja" na "maliko", pale vyombo vinapofikia: ndege anayekaa likoni akingoja. Kama sivyo lilivyozaliwa, basi lingestahili kuzaliwa hivyo. Wa huku ni mkubwa, sentimita 70 hadi 80, rangi ya matete makavu, na michirizi myeusi inamshuka kooni mpaka kifuani kama vivuli vya mabua. Akihisi mtu haruki. Anauinua mdomo juu, anajinyoosha awe mwembamba, na upepo ukiyayumbisha matete naye anayumba nayo. Macho yamekaa chini kiasi kwamba mdomo ukiwa umeelekea mbinguni bado anakutazama usoni.

Mwaka 1997 Uingereza nzima walihesabiwa madume 11 tu waliokuwa wakivuma, yaani wakiita kwa sauti yao nzito. Mabwawa ya matete yalikuwa yanakauka na kujaa takataka za majani, samaki hakuna. Baada ya kuchimba upya na kupandisha maji, sasa wamevuka 200. Majira ya baridi wanaongezeka wengine kutoka bara la Ulaya. Kwa hiyo wapo. Kuwaona ndiyo kazi.

Masharti niliyojiwekea: siachi njia, sichezi sauti ya ndege kwenye simu, simfurushi ili nimpige akiruka. Zamu zangu ghalani ni za usiku. Jumanne na Jumatano napumzika, na siku hizo hakuna msongamano.

Jumanne, Novemba 15

Saa tano za kukaa, ngojamaliko sifuri.

Lenzi yangu ni ya mtumba, milimita 150 hadi 600, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Stendi ya miguu mitatu haienei vizuri kwenye kibanda cha kuvizia, maana dirisha ni mwanya tu na mbele yake kuna ubao. Nimeshona kijaluba cha kipande cha kanga kuukuu nikakijaza kilo mbili za mchele, nikakilaza ubaoni, na lenzi juu yake. Inatulia ajabu. Mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye chupa ya chai kubwa kuliko yangu, alikiangalia kwa muda akauliza maandishi yanasema nini. Nikamtafsiria nusu. Nusu ya pili ilikuwa matusi ya mke mwenza.

Nilichoona: yangeyange. Si mmoja, kundi zima, wakifuata ng'ombe kwenye malisho ya jirani, vilevile kama wanavyofuata jembe mabondeni Pemba wakati wa kulimia mpunga. Hawa walitaga Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na ni hapahapa Somerset. Mimi nilifika baadaye. Wenyeji wangu.

Jumatano, Novemba 23

Aliruka juu ya matete saa tatu na robo asubuhi, sekunde nne, mabawa mapana kama ya bundi, miguu inaning'inia nyuma. Nilikuwa namimina chai.

Jumanne, Desemba 6

Mvua tangu alfajiri. Kibandani kuna harufu. Nikadhani ni matope, kisha mbwa wa mtu, mwishowe nikakinusa kijaluba changu. Mchele ulikuwa umelowa wiki iliyopita, nami nikauacha kwenye buti la gari. Umechacha. Mzee wa chupa ya chai alihamia benchi la mbali kwa adabu sana, bila kusema neno.

Nimemwaga mchele na kukifua kijaluba. Safari ijayo kokoto za tangi la samaki.

Jumanne, Desemba 20

Leo nimeandika mipangilio ili nisihangaike tena. Kasi ya 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/6.3, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, popote itakapofika. Asubuhi huwa 3200 na picha inakuwa na chengachenga, lakini bora chenga kuliko ukungu wa mkono kutetemeka. Nukta moja tu ya fokasi, ile ndogo kabisa. Ukiiachia kamera ichague yenyewe itashika tete lililo mbele, kila mara, kwa uhakika unaokera. Betri ya pili inakaa mfuko wa ndani wa shati, maana baridi inainyonya ile ya kwanza kabla ya saa nne. Na jioni, kabla ya kuingia kwenye gari lenye joto, kamera inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka ipate joto polepole. Bila hivyo kioo kinatoa jasho.

Saa ya Kiswahili inaharibika huku. Jua leo limechomoza baada ya saa mbili na kuzama saa kumi. Saa moja asubuhi, ambayo kwetu watoto wameshafika shule, mimi nilikuwa gizani kwenye njia ya reli ya zamani nikisikia maji ya mfereji bila kuyaona.

Jioni walikuja kwezi. Hapo ndipo kimya kinapoisha, kwani watu huja kwa mabasi kuwaangalia: maelfu kwa maelfu wanajikunja na kujikunjua angani kama shuka inayokung'utwa, halafu wanamwagika ndani ya matete kwa pamoja na yote yanaanza kupiga kelele kama sufuria ya mafuta. Nilipiga picha mbili kwa heshima. Ngojamaliko, kama alikuwapo, alikuwa katikati ya fujo ile akijifanya ubua.

Jumanne, Januari 3

Sikwenda. Mafua. Nimekaa nafuta picha, maana kadi imejaa.

Desemba 20 kabla ya mchana nilimpiga yule kuku mdogo wa matete, mwenye mdomo mwekundu na kifua cha kijivu, anayelia kama nguruwe aliyebanwa na mlango. Naye ni wa kujificha. Hutoka, anakatiza uwazi mbio mkia juu, anapotea. Nilipata picha 11 akivuka ukingo wa barafu ya usiku. Sita nilikuwa nimeshazifuta. Katika ya saba nikakuza ili nione kama jicho limekaa sawa, mkono ukateleza, picha ikaenda kushoto.

Kati ya matete kulikuwa na tete moja lenye jicho.

Nimezirudisha zote kutoka kwenye kapu la takataka. Yupo katika picha kumi. Katika tisa za kwanza mdomo juu, shingo imenyooka, michirizi imelingana na mabua kiasi kwamba hata sasa nikiangalia pembeni kidogo nampoteza. Katika picha ya kumi mdomo umeshuka, kichwa kimeelekea kwa yule kuku. Katika ya kumi na moja hayupo. Nilikuwa naye karibu dakika nzima, mita ishirini na tano hivi, huku kidole kiko kwenye kitufe. Jicho halimo kwenye fokasi, bila shaka. Fokasi ilikuwa kwa kuku.

Nilimwita mke wangu aje aone. Akasema naona manyasi.

Jumanne, Januari 17

Nimebadilisha utaratibu. Sitafuti ndege tena. Nachagua ukingo mmoja wa matete, ule wenye maji ya kina cha goti na mfereji nyuma yake, nausoma kuanzia kushoto kwenda kulia kwa darubini kama mtu anayesoma ukurasa, nikitafuta mstari ulio mnene kuliko wenzake. Nikifika mwisho naanza tena. Kwa saa ya kwanza inachosha. Saa ya pili macho yanazoea, na unaanza kujua kila kishada kilichovunjika.

Dume mkubwa wa mwewe wa matete alipita chini sana na bata wote wakainuka. Kwenye ukurasa wangu mstari mmoja ukakonda. Alikuwepo! Sikupata picha, kwani nilipoinamia kamera nilipoteza mahali, na nilipoinua darubini sikupaona tena. Nilikaa saa nzima nikilitazama tete ambalo, sasa nina hakika, lilikuwa tete.

Baridi inazidi. Njia ya kurudi ilikuwa inapasukapasuka chini ya buti.

Jumanne, Januari 24

Kipimajoto cha gari: hasi 6. Mabwawa yote yameganda, bata wamejikusanya kwenye shimo moja la maji katikati wakizungukazunguka ili lisifungike.

Ngojamaliko anaishi kwa samaki na vyura wa maji ya kina kifupi, na maji ya kina kifupi ndiyo yanayoganda kwanza. Ikifika hapo hana budi kutoka. Alikuwa ametoka. Ukingoni mwa mfereji mkubwa unaofuata njia, pale maji yanapotembea kidogo na barafu haijashika, amesimama peupe kabisa, mita kumi kutoka nilipokuwa. Mguu mmoja ameukunja ndani ya manyoya. Amejituna akawa mviringo kama kuku mwenye kideri. Jua la chini lilimpiga ubavuni, na ile rangi ambayo kwa miezi miwili na nusu nimeiita "kahawia" niliona ni rangi nyingi: dhahabu, kutu, mchanga, majivu. Miguu kijani. Jicho manjano, duara, halipepesi.

Hakuinua mdomo. Hakujinyoosha. Alinitazama tu.

Nilipiga picha tisa. Naziandika zote kwa sababu nilishajiambia zisizidi nne. Fokasi imeshika kila moja.

Kisha wakaanza kuja. Habari husambaa upesi siku hizi, na kufikia saa nne tulikuwa saba tumejipanga njiani na lenzi zetu kama wavuvi darajani. Nyuma ya ndege barafu, mbele sisi. Mmoja akapiga hatua mbili mbele, na ndege akashusha ule mguu uliokunjwa, akakaza shingo. Hapo mzee wa chupa ya chai, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akatanua mikono kama mtu anayerudisha mbuzi. Akasema: kila akiruka anachoma alichokula jana, na leo hajala. Bibi mmoja akanung'unika kwamba ametoka mbali. Mzee akamwambia nami natoka mbali, mama, turudi nyuma wote. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kumsumbua akiwa kwenye kiota, lakini Januari hana kiota; Januari analindwa na watu watakaokubali kurudi nyuma tu.

Tulirudi hatua kama arobaini. Nilikuwa wa tatu kurudi, si wa kwanza.

Kutoka kule, kwa darubini, ikapita nusu saa bila chochote. Halafu shingo ikaenda. Sikuuona mwendo wenyewe, niliona kabla na baada: kabla yuko mviringo, baada ana samaki wa kiganja kimoja amembana katikati kwa mdomo, samaki anapiga mkia. Akamgeuza kichwa mbele, akameza, uvimbe ukateremka kooni. Kisha akafanya jambo ambalo nililisoma tu. Alikipeleka kichwa kifuani, penye manyoya yanayosagika yenyewe yakawa unga, akajisugua kama mtu anayejipaka poda baada ya kuoga, uso wote ukawa mweupemweupe. Akangoja. Kisha akainua mguu akajichana kwa ukucha wa kidole cha kati, ambao una meno kama kitana, na ute wa samaki ukatoka pamoja na unga. Yote haya polepole, kwenye baridi ile, kama hana haraka na dunia.

Sina picha ya hayo. Kwa umbali ule ingekuwa doa.

Jumatano, Januari 25

Nilimpigia mama simu Pemba. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo. Nikamweleza habari za ndege.

"Ana nyama?"

"Anayo, mama, lakini haliwi."

"Sasa wewe unamfuata kwenye barafu kwa nini, mwanangu, ukafe kichomi?"

Nikasema napiga picha. Akanyamaza kidogo akauliza kama huyo ndege amekula. Nikasema jana alikula mmoja, nilimwona. "Haya," akasema, "Mungu amzidishie," tukaendelea na bei ya karafuu.

Zile picha tisa ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ukizikuza unahesabu vinyoya vya kope. Lakini ngojamaliko niliyemtafuta hayumo; yumo ndege mwenye njaa asiye na pa kujificha. Nimeziweka kwenye folda yake na mradi nauacha wazi. Mke wangu anasema nimepagawa, sijui nampinga kwa hoja gani.

Jumanne, Februari 7

Barafu imeyeyuka. Maji yamejaa, ukingo wangu umesogea. Hakuna aliyeonekana. Mzee hakuja.

Jumanne, Februari 21

Mzee yupo. Alikuwa na kifua, sasa hajambo. Ameleta biskuti za tangawizi, akakigonga kijaluba cha kanga kwa kidole na kuuliza kama leo ni salama. Nikamwambia ni kokoto.

Saa moja na nusu asubuhi, mwanga bado maziwa, tukasikia mtu anakohoa ndani ya matete. Kikohozi kikavu, mara mbili. Mzee akaweka biskuti chini. Ni dume anaanza kujaribu koo. Mwezi ujao atakuwa amekamilika: anavuta hewa, anaufurisha umio, anaitoa kwa mvumo mmoja mzito unaosikika hata kilomita tano, kama mtu anayepuliza siwa akiwa amejifunika blanketi. Kimya kikuu kina mshindo, na huyu bwana ameifanya methali kuwa kazi ya kudumu. Leo lakini ni kikohozi tu, kama mpiga tarumbeta aliyeacha kwa miezi minane.

Kikohozi kilituonyesha upande. Nikausoma ule upande kushoto kwenda kulia. Mara ya tatu, kwenye kishada kilichoinama, vidole vya kijani vimekamata mabua manne kwa pamoja, kama mtu aliyeshika kamba za pembea. Nikapanda kutoka kwenye vidole. Paja. Michirizi. Shingo. Mdomo juu. Safari hii sikuinua kichwa kutoka kwenye darubini mpaka nilipokuwa nimehesabu: mabua mawili kulia kwa lile lililovunjika, nusu ya urefu. Kisha kamera, nukta ndogo, nikaisogeza kwa kidole gumba huku nimezuia pumzi ili kioo kisipate mvuke.

1/250, ISO 6400. Picha tatu. Upepo ukaja, matete yakalala kushoto, naye akalala nayo, na yaliposimama hakuwepo.

Bua moja linakata shingo. Jingine limefunika nusu ya bawa. Chenga tele. Jicho, kati ya mabua mawili, limekaa sawa.

Usiku nilimpa mke wangu simu kabla sijatoka. Akaivuta picha, akaipunguza, akaigeuza.

"Yuko wapi?"

Nikamwambia atafute. Nilivaa viatu, nikajaza chupa, nikarudi. Bado anatafuta. Mwishowe akaweka kidole kwenye skrini kwa uhakika kabisa.

Ni bua.